Spika za Bwana Sawa

Shemeji yangu alinunua spika za bei ya kiwanja, akaziweka katika nyumba ya vyumba viwili. Nalisema hilo mapema ili mtu asipate taabu ya kutafuta msimamo wangu. Mimi ni msusi. Nimeshika vichwa vya watu tangu nilipomaliza shule, na redio ya saluni yangu, ambayo antena yake nimeifunga kwa waya wa kuanikia nguo, inaimba toka asubuhi mpaka nafunga, na hakuna mteja aliyewahi kudai arudishiwe hela. Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu kuniambia mume wake ameleta muziki wa kisasa, na kwamba waya zake peke yake zimezidi bei ya kitanda chao, nilimwomba mteja aliyekuwa anasubiri arudi kesho, nikaenda kujionea.

Ngoja kwanza nimweleze huyu bwana, maana asiyemjua atadhani ni mtu wa anasa. Shemeji aliingia kiwanda cha nguo akiwa kijana asiye na ndevu, akatoka siku ya kustaafu. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Ukumbi wa kufumia ni jengo refu lenye mashine safu kwa safu, zote zinagonga kwa pamoja. Niliwahi kuingia mara moja kumpelekea ujumbe, nikatoka mbio huku nimeziba masikio. Watu wa mle hawasemeshani kwa sauti. Wanasomana midomo na kuonyeshana mikono: vidole viwili vikikata hewa, uzi umekatika; kiganja tumboni, nenda kale. Mashine ikisumbua, shemeji aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye taya lake, akafumba macho, akasikiliza kwa mfupa. Kisha aliinua kidole kuonyesha palipo na shida.

Jioni alirudi nyumbani nyusi nyeupe kwa vumbi la pamba. Akaoga, akala, akakaa. Ukimwambia jambo, lolote lile, jibu lake lilikuwa moja: "Ndiyo, sawa." Mchango wa jirani, ndiyo, sawa. Watoto wanataka viatu, ndiyo, sawa. Mtaani wakambatiza Bwana Sawa, na halikuwa jina la kejeli. Wanawake waliokuja kusukwa kwangu waliwasema waume zao kwa kumtaja yeye. Kwamba mume ni yule, hana makuu, hana ubishi, mkewe ana raha zake.

Dada yangu hakuwa na raha zake. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha mbali, lakini kwa miaka mingi nilimwona amepoa, na nilipomuuliza alikwepa. Siku moja tu ndiyo alisema, akipepeta mchele, "Kuishi na mtu wa sawa ni kazi, mdogo wangu. Hujui ameridhika au amekuchoka." Nikamwambia anadeka, wenzake wanapigwa.

Shemeji alikuwa na ugonjwa mmoja tu, redio. Kila baada ya muda alinunua mpya, akaisikiliza wiki moja akikunja uso, akaitangaza mbovu. "Siku hizi hawatengenezi redio," alikuwa akisema. "Zamani ulisikia maneno ya wimbo. Hizi zinanung'unika tu, kama mtu anaongea na chakula mdomoni." Fundi wa redio aliifungua, akaifunga, akasema nzima. Shemeji hakumwamini, akaigawa, akanunua nyingine. Hiyo yangu ya saluni ni mojawapo ya hizo mbovu zake.

Basi akastaafu, akapewa kiinua mgongo. Akaenda mjini kununua redio, na badala ya duka la redio akaingia duka lingine, lenye chumba kilichofunikwa zulia mpaka ukutani. Muuzaji akamkalisha kwenye kiti, akawasha. Shemeji alinihadithia mwenyewe, macho yanang'aa: "Shemeji, nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Nilisikia maneno. Neno kwa neno!" Alilia pale kwenye kiti. Muuzaji akampa karatasi ya kufutia machozi, na hicho ndicho kitu pekee alichokipata bure siku ile.

Nilipofika nilikuta makochi yamehamia barazani na kabati la vyombo limebanwa kwenye mlango wa chumbani, mpaka upite kwa ubavu. Sebuleni kulikuwa na spika mbili zinazonifika kifuani, mbao zake zimepigwa msasa hata unajiona. Katikati yake, ampilifaya, ile mashine ya kukuza sauti, kubwa nyeusi. Mbele, kiti kimoja tu, na miguu ya kiti imezungushiwa utepe wa gundi sakafuni ili kisisogezwe hata kidogo. Mapazia yamefungwa. Muziki ulikuwa juu hata glasi kabatini zinagongana.

Kwa desturi mimi na shemeji tunataniana. Nikapaza sauti, "Shemeji, hizi ni spika au umeoa wake wawili wapya?"

"Karibu, karibu," akajibu. "Kaa hapo, kiti ndicho hicho."

Nikakaa. Nitasema kweli, kwa kuwa uongo haunisaidii: ulikuwa muziki mzuri kuliko wowote niliowahi kuusikia. Gitaa lilikuwa kushoto, ungedhani ukinyoosha mkono utaligusa. Mwimbaji alisimama penye pazia. Mpaka kidole kinavyoteleza kwenye uzi nilikisikia. Lakini nilipogeuka nikaona mlango wa kabati uliochomoka bawaba na dari iliyovimba kwa maji ya mvua, hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Ni nzuri, shemeji. Ila hii ni anasa ya mwenye nyumba ya ghorofa. Wewe dari inakudondokea."

"Ndiyo, sawa," akasema, akiangalia spika.

Dada nilimkuta jikoni akimenya viazi, mlango ameurudishia. Hakunisalimia vizuri. Akasema, "Umeona? Hapo hakuna kuongea. Hakuna kufagia. Hakuna hata kupita mbele. Jioni ndiyo saa yangu na mume wangu, hata kama ni mimi tu ninayeongea. Sasa na hiyo nimenyang'anywa."

"Atachoka nazo. Umesahau zile redio?"

"Zisipomchosha mimi nimeshachoka." Akaacha kumenya. "Binti yangu amenitengenezea chumba kwake. Mwisho wa mwezi anakuja na gari kunichukua. Na siendi kutembea, mdogo wangu. Nikienda, nimekwenda."

Dada yangu si mtu wa vitisho. Hata tulipokuwa wadogo, akisema anakupiga alikuwa ameshakupiga. Nikauliza, "Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia. Juzi, hapa hapa, nikiosha vyombo."

"Akasemaje?"

"Ndiyo, sawa."

Alilisema hilo bila kulia, akachukua kiazi kingine. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi, na yalikuwa ya hasira. Mwanamke amekuzalia, amekufulia vumbi la pamba maisha yake yote, anakwambia anaondoka, nawe unamjibu kama mtu aliyeulizwa atakunywa chai! Nilitaka kwenda kuzipiga teke zile spika. Dada akanishika mkono, akasema huo ni ujinga, nitaumia mguu bure.

Kesho yake nilikwenda kwa muuzaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, kwa hiyo iliniudhi kumkuta ni kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa na sauti ya taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mteja anaruhusiwa kurudisha ndani ya mwezi asiporidhika, lakini aliyenunua ni mzee, na mzee alipiga simu wiki iliyopita kushukuru. "Ila mama, nitakuja niangalie nilivyozifunga," akasema. "Siku nyingine chumba ndicho chenye makosa." Nikamwambia chumba kile hakijawahi kukosea mpaka yeye alipokiletea mambo yake. Akacheka, akaandika anwani.

Alikuja baada ya siku chache, akavua viatu mlangoni. Shemeji alimpokea kama mkwe, akamkalisha kwenye kile kiti, akawasha wimbo anaoupenda, akasimama pembeni akitingisha kichwa kwa furaha. Mimi na dada tulikuwa mlangoni. Muuzaji alisikiliza kidogo, uso ukabadilika. Akainuka, akaenda kuinamia spika moja, sikio karibu na kitambaa, halafu ya pili.

"Mzee, hizi zimefunikwa blanketi," akasema.

Akapiga magoti nyuma ya spika. Kila spika, alitueleza baadaye, ina sehemu mbili, ya chini ya sauti nene na ya juu ya sauti nyembamba, na nyuma zimeunganishwa kwa vibati vidogo vya shaba. Vibati havikuwepo. Akauliza viko wapi. Dada akajishika mdomo. Alikuwa amevifungua siku ya kufanya usafi, akadhani ni vya kushikia mzigo njiani, kama yale maplastiki wanayofungia friji. Akavisugua kwa majivu mpaka vikang'aa, akaviweka kwenye kopo la vifungo, maana hajawahi kutupa kitu cha shaba maishani mwake.

"Tangu lini?" muuzaji akauliza.

"Tangu siku ya pili baada ya mdogo wangu kuja kuziona."

Kopo likaletwa. Muuzaji akavirudisha vibati, akawasha tena, na sisi wawili tukashtuka. Sauti ya mwimbaji ilitoka nje kabisa, na vile vitu vidogo vyote nilivyovisikia siku ya kwanza vikarudi. Shemeji alitutazama mmoja mmoja, hajui tumeona nini.

"Unatengeneza nini?" akamuuliza muuzaji. "Haijaharibika hiyo."

"Mzee, husikii tofauti?"

"Tofauti gani?"

Muuzaji akatoa vibati, akavirudisha, akavitoa tena. Shemeji akaendelea kutingisha kichwa kwa mdundo uleule. Hapo yule kijana akafanya jambo ambalo sikulielewa mara moja. Alizima muziki, akainua mkono kama anayetaka kukohoa, akaziba mdomo wake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, una watoto wangapi?"

"Ndiyo, sawa," akajibu shemeji.

Dada alishika fremu ya mlango. Muuzaji alishusha mkono wake taratibu, akawa anaangalia soksi zake, na nilimwona amesikitika kwelikweli.

Hospitali walimweka kwenye kijumba chenye kioo, wakamvisha hedifoni na kumpa kitufe: akisikia mlio, abonyeze. Sisi tulikaa upande wa pili na mpimaji. Milio minene ilipita, kidole kikabonyeza. Ilipoanza kuwa myembamba, kidole kikatulia. Mpimaji akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka sisi tuliokuwa nje tukaanza kuisikia kupitia ukuta. Shemeji alikuwa ametulia tuli, anatutabasamia kwenye kioo, anasubiri kipimo kianze.

"Hii ni ya mashine," mpimaji akasema. "Si ya jana wala juzi. Inawezekana ilianza watoto wenu wakiwa bado wadogo. Sauti nene anazipata. Nyembamba zimekwenda. Anajua kwamba unaongea, mama, ila hajui unasema nini, mpaka aone midomo yako."

Sisi kwetu wanawake wote tuna sauti nyembamba. Marehemu mama yetu akiita, kuku wa jirani walikuja. Dada akakaa kwenye benchi, akauliza kama anayejiuliza mwenyewe, "Sasa mimi nimekuwa nikiongea na nani?"

Mpimaji alisema kuna vifaa vidogo vya kuvaa sikioni, vitamsaidia, ila kuna foleni na itachukua miezi. Nilipoonyeshwa hicho kifaa, kitu kisichozidi punje ya haragwe, nilitamani kucheka na kugombana kwa wakati mmoja. Mtu amenunua spika za kufika kifuani, kumbe alichohitaji kinaingia mfukoni na sarafu. Nasema wazi: spika hazikuwa na kosa, na muuzaji hakumdanganya. Kilichomliza siku ile dukani ni kwamba zilifunguliwa kwa nguvu kuliko kitu chochote alichosikiliza tangu kiwandani, naye akadhani amepata redio nzima hatimaye. Muuzaji alijitolea kuzichukua na kurudisha hela zote. Shemeji akasema asubiri kwanza, avae hivyo vya sikioni, azisikilize, ndipo aamue. Lilikuwa jibu la maana, hata kwangu niliyekuja kwa shari.

Nyumbani nilikaa mbele yake, nikafungua mdomo vizuri, nikamuuliza ilikuwaje asitwambie.

"Ningewaambia nini?" akasema. "Kazini sote tulikuwa hivyo. Nikajua redio ndizo mbovu."

"Na dada? Anakwambia jambo hujalisikia, unajibu sawa?"

Akafikiri. "Dada yako hajawahi kuniomba kitu kibaya," akasema. "Nikaona nikisema sawa, sitakosea."

Nilikwenda kumwambia dada maneno hayo, nikidhani nampelekea zawadi. Alikuwa jikoni. Alinisikiliza, akakaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa khanga. Ndipo akanieleza jambo alilolificha kwa watu wote, hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

Walikuwa na mtoto wa mwisho, wa kiume, aliyefariki akiwa bado hajatembea. Hilo nalijua, nilikuwepo msibani. Mtoto alishikwa na homa, shemeji yuko zamu ya usiku, na dada alidhani ni homa ya meno, akasema asubiri pakuche. Kulipokucha hali ilikuwa imeshaharibika. Nisichokijua ni kwamba baada ya msiba, wageni walipoondoka, alimuuliza mumewe. Hakuweza kumtazama. Alimgeuzia mgongo, mikono kwenye beseni la vyombo, akasema, "Kosa lilikuwa langu, sivyo?"

"Naye akajibu," dada akasema. "Unajua alijibu nini."

Nilijua. Nilimwona dada yangu kwa miaka yote ile, akipika, akifua, akicheka nusu kicheko, katika nyumba ya mume ambaye dada aliamini anamlaumu kwa kifo cha mwanawe. Nikamwambia, "Hakusikia, dada. Ulimgeuzia mgongo. Hakusikia."

"Labda. Na labda alisikia." Akafuta uso. "Yeye mwenyewe hawezi kukumbuka, tena ni hilo tu moja ninalotaka kulijua. Nikilijua, nitajua kama nakaa au naondoka."

"Basi muulize sasa. Kaa mbele yake umuulize."

"Nimtazame usoni nimuulize hilo?" Akatikisa kichwa. "Sikuweza siku ile, na leo siwezi. Binti anakuja Jumamosi. Niache."

Sikumwacha. Mimi nikishika kichwa cha mtu simwachii nusu. Nilirudi kwa muuzaji, nikamweleza, bila kutaja la ndani, kwamba kuna mama anataka kuongea na mumewe bila mumewe kumwona mdomo. Hakuuliza swali. Alileta kisanduku kidogo chenye vitufe vya kuzungusha, akakiunganisha na ile ampilifaya, akachomeka maikrofoni. Dada, aliposikia kwamba hatalazimika kumtazama mumewe, alikubali kuishika. Mara ya kwanza alitumia spika zenyewe. Dada akasema, "Unga umeisha," na mtaa mzima ukapata habari. Jirani wa mbele alituma mtu na bakuli la unga. Muuzaji akaomba radhi, akatoa hedifoni kubwa kwenye mkoba wake. Kwa hiyo sauti ikawa inaingia masikioni mwa shemeji peke yake, na sisi tunamsikia dada kama kawaida.

Hiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe, mchana. Binti alikuwa ameshapiga simu kwamba yuko njiani. Shemeji alikaa kwenye kiti chake na hedifoni kichwani, anaonekana kama rubani mzee. Dada alivuta kigoda nyuma ya kiti, akakaa akielekea dirishani, mgongo kwa mgongo na mumewe, maikrofoni ameishika kwa mikono miwili. Muuzaji alizungusha vitufe, akaongeza vile vya sauti nyembamba, akatoka nje kuvaa viatu na hakurudi. Mimi nilibaki palepale sebuleni. Nilipaswa kutoka, nalijua hilo, ila miguu haikutaka.

"Unanisikia?" dada akasema polepole.

Shemeji alishtuka hata kiti kikatoka kwenye alama zake. "Nakusikia!" Mtu aliyevaa hedifoni hajui anavyopiga kelele, glasi kabatini ziliitikia. "Ni wewe! Mbona una sauti ya zamani? Sauti ya wakati ule nakuja kwenu!"

"Ni hiihii," dada akasema. "Haikwenda popote."

"Sema tena!"

"Niseme nini?"

"Chochote! Sema tu!"

Nilimwona dada anapumua kwa mabega. Akainamia maikrofoni, na alichosema alikisema chini hata mimi niliyekuwa hatua chache nilikipata kwa shida. "Mtoto wetu alipofariki," akasema. "Ile homa. Nilisubiri asubuhi. Nilikuuliza kama kosa ni langu. Nakuuliza tena."

Shemeji hakugeuka. Mikono yake ilishika mikono ya kiti. Nikajua safari hii amesikia, kila neno.

"Kosa?" akasema, na barabarani mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli alisimama. "Kosa lako lipi? Wewe ulimkesha! Ulikuwa naye! Mimi nilimwacha ana homa nikaenda zamu. Mimi! Nimekaa miaka yote hii nangoja siku utakayoniambia hivyo. Nikikuona umenuna najua unaliwaza hilo, na kwamba pengine umeshaniambia, ila sikusikia. Wewe huna kosa. Hujawahi kuwa na kosa!"

Maikrofoni ilikuwa imeshuka mapajani mwa dada na mabega yanamtikisika, bila sauti. Shemeji alipoona hakuna kinachoingia masikioni, akadhani hajasikika, akavuta pumzi, akarudia kwa nguvu zaidi, "Nimesema, huna kosa!"